Jiwe Moja si Shahidi

Josepha Rwehumbiza, mpimaji ardhi wa Kiseke, haamini jiwe la upimaji lililo peke yake. Kabla hajaanzia kwenye jiwe kupima kiwanja cha mtu, kwanza hulipima lenyewe kutoka kwenye mawe mengine mawili. Wenzake humwita msumbufu. Yeye huwasonya na kuendelea na kazi.

Juzi Mama Modesta alimwonyesha jiwe lililo uani kwake, safi, namba yake ikisomeka vizuri.

"Hili hapa, mwanangu. Nimelitunza kama mboni ya jicho."

"Asante, mama. Ngoja niwaulize wenzake."

Alipolipima kutoka kwenye mawe mawili ya jirani, wenzake hao walilikana: lilikuwa limesogea hatua nzima. Mama Modesta akashika kichwa. Kumbe fundi wa ukuta aliling'oa apitishe msingi, kisha akalirudishia kwa saruji na kuapa kuwa ni palepale.

Josepha alimfokea fundi huyo kwenye simu mpaka majirani wakachungulia. Lakini Mama Modesta hakumlaumu hata kwa neno moja, maana hakuwa na kosa.

Mwaka huu Josepha amenunua kiwanja chake mwenyewe. Alipomaliza kukipima, alimwita mpimaji mwingine.

"Pima na wewe," alimwambia, "wala usiniulize mimi nimepata nini."