Baiskeli Kichwani

Mpaka leo nikimwona mtu anasukuma baiskeli mlimani, hukaa kando ya njia mpaka apite. Wajukuu hudhani ni uzee. Wacha wadhani.

Enzi za Mwingereza, kahawa ilipoanza kushika Mbozi, mzungu mmoja mwenye shamba karibu na Mlowo alitaka tarishi wa kupeleka barua zake hadi mpakani Tunduma na kurudi. Tulijitokeza wengi, akatuchuja tukabaki wawili: mimi, na shemeji yangu aliyemwoa mdogo wangu wa kike. Shemeji alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, Mnamwanga kama sisi, ila Kibemba kilikuwa kimemkaa mdomoni, kwa hiyo hakuniita shemeji bali "mulamu". Kazi ilikuwa moja. Njia ya atakayeikosa ilijulikana: machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambako vijana wetu walikwenda na wengine hawakurudi hata kwa salamu. Mama alikuwa ameshampoteza mwana mmoja huko. Aliposikia tumebaki wawili alisonga ugali, akatutazama mmoja mmoja, akainuka bila kula.

Mzungu akasema tushindane kwa baiskeli, siku tatu. Huko kwao Ulaya, karani wake alitutafsiria, wanaume hukimbiza baiskeli wiki tatu mfululizo, wakapanda milima yenye theluji, na mshindi ni yule ambaye saa zake zote zikijumlishwa ni chache, hata kama siku ya mwisho amefika nyuma. Nilishangaa mpaka nikacheka. Wiki tatu! Wanakimbia nini? Shemeji akauliza kama wake zao hawana kazi za kuwapa. Karani hakuitafsiri hiyo.

Tukapewa baiskeli mbili za shamba, chuma kitupu. Siku ya kwanza tulitoka Chapwa, jirani na Tunduma, hadi Vwawa kwa barabara ya vumbi. Mimi nilijifunza baiskeli misheni. Shemeji alikuwa mpagazi tangu ujana, na baiskeli aliijua kwa kuiona ikipita. Kila penye mteremko aliburuza miguu chini, kana kwamba breki ni pambo. Nilimwacha dakika saba. Siku ya pili tulipita Mlowo tukateremka hadi bondeni kwenye Mto Songwe, nikamwacha nyingine nne. Nilijiona. Sifichi, nilijiona sana. Pale mtoni nikamwambia, "Shemeji, anza kufunga mizigo." Mashemeji hutaniana, ndiyo, lakini safari hiyo haukuwa utani, naye alijua.

"Mulamu," akanijibu, "kesho tunapanda."

Siku ya tatu ilikuwa ya kuupanda mlima wa Songwe kurudi shambani. Hatujafika hata kona ya kwanza, mnyororo wake ukakatika. Nilisikia. Niligeuka nikamwona kaushika mkononi unaning'inia, nami nikapiga kengele, kri kri, nikapita zangu.

Nilikuwa nimesimama juu ya pedali, jasho linaniingia machoni, baiskeli inakwenda polepole hata nzi wananitangulia, ndipo nikasikia pumzi nyuma yangu. Sikusikia tairi, nilisikia miguu. Nikatazama, kidogo nianguke. Shemeji alikuwa amevua shati na kulisokota likawa ngata, ameitwika baiskeli nzima kichwani, magurudumu yanazunguka hewani, na anakimbia. Anakimbia mlimani! Hatua fupi fupi za kipagazi, shingo haitikisiki. Akanipita. Nilipigwa na butwaa. Siku mbili nzima nilikuwa nimeipima baiskeli yake, kumbe mtu mwenyewe sikuwa nimemwona.

Hasira zikanipanda. Nikakanyaga kwa nguvu nisizokuwa nazo, na kwenye kona ya mwisho misuli ikakaza, nikaanguka kichwa mbele, usukani ukapinda. Nililala pale natema vumbi, siwezi kuinuka. Mara nikaona miguu peku inashuka kunijia. Alikuwa ameitua baiskeli yake huko juu, akarudi. Akanikanda misuli, akaninywesha maji ya kibuyu chake, akaubana usukani wangu kati ya magoti akaunyoosha.

"Panda, mulamu. Mdogo wako ataniuliza nimekuacha wapi."

Akanisukuma mgongoni mpaka nikashika mwendo, ndipo akakimbia kuifuata yake. Na bado akafika kabla yangu.

Shambani watu walimbeba juujuu, yeye na baiskeli yake. Mzungu alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akasema hakuweka sharti la nani ambebe nani. Kisha karani akatoa saa yake ya mfukoni, akajumlisha dakika za siku zote tatu, akasoma. Nilikuwa nimeshinda mimi. Kwa dakika mbili.

Mwanamke mmoja akauliza aliyefika nyuma ameshindaje. Karani akaeleza upya habari ya jumla, watu wakazidi kutazamana. Karani alikuwa shambani kwenye mstari wa kumalizia, ya kule konani hakuyaona. Tuliyajua wawili tu. Shemeji alikaa na mimi pale dakika tano, kama si zaidi.

"Kuna mwenye neno?" karani akauliza.

Shemeji akanitazama. Hakukunja uso, alisubiri tu, kama unavyomsubiri mtu amalize kutafuna. Nilimfikiria mama. Nikayafikiria yale machimbo. Nikatazama chini. Hata leo siamini kwamba yule aliyenyamaza nilikuwa mimi.

"Hakuna," shemeji akajibu, akanipa mkono.

Waliondoka kwenda machimboni baada ya mavuno, yeye na mdogo wangu, na mtoto wao mgongoni. Niliwasindikiza mpaka Tunduma, mzigo wao nimeufunga nyuma ya baiskeli ya kazi. Sikujua kama alikuwa amemsimulia mkewe, na njia nzima sikuthubutu kuuliza. Mpakani nikafungua kamba, nikamwambia mdogo wangu kwamba nitakuwa nawaandikia. Yeye aliniita kaka tangu alipojua kusema. Akajitwika mzigo, akauweka sawa.

"Kazi njema, bwana tarishi," akasema, akamfuata mumewe.