Nilichagua Nyumba ya Chini ili Pasiwe na Mtu Chini Yangu

Siku ya tatu baada ya kuhamia, nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni kwangu.

"Umegawa keki za mchele kwa majirani saba. Majirani tuko wanane."

Nikaisoma mara mbili. Jengo letu lina ghorofa nne, kila ghorofa nyumba mbili, jumla nane. Ukinitoa mimi wanabaki saba, na wote saba niliwagongea mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu ya kuhamia, sahani mkononi, keki bado za moto na maharage yake mekundu juu. Nikainama, nikasema mimi ndiye mgeni wa 101, naomba mnivumilie.

Sasa huyo wa nane katoka wapi?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana msipojua nilivyoupata huu mtaa hamtaelewa kwa nini kikaratasi kile kilinitia wazimu.

Mimi natokea mji wa Ulsan. Nina mtoto mmoja, Danbi, miaka sita. Baba yake tulishaachana. Tulikuwa tunaishi ghorofa ya tisa, na wa ghorofa ya nane alikuwa mwanaume mwenye roho mbaya kuliko watu wote niliowahi kukutana nao. Sisemi kwa hasira, nasema kwa utafiti.

Danbi akitembea, yule bwana anagonga dari. Danbi akiangusha kijiko, anampigia simu mlinzi. Mwisho akafunga spika kwenye dari yake, kaielekeza juu kwetu, akawa anatupigia sauti ya nyundo Jumapili nzima.

Na mimi nikafanya kosa ambalo linaniuma mpaka leo. Badala ya kupambana naye, nikamgeukia mtoto. "Kanyaga taratibu." "Usikimbie." "Shhh." Mwaka mzima ndio yalikuwa maongezi yetu.

Mtoto akaacha kukanyaga.

Akawa anatembea kwa ncha za vidole. Nyumbani, chekechea, dukani, hata kwenye mchanga wa ufukweni. Daktari alimshika visigino, akavibonyeza, akaniangalia.

"Mama, kano zinaanza kufupika. Akiendelea hivi tutaongea habari za kumpasua. Mtafutie mahali atakapokimbia."

Kwa hiyo nilipopata kazi Cheongju, kwenye kiwanda cha vipodozi, sikujali mji una nini. Sikuwa na ndugu huko wala rafiki. Nilitafuta kitu kimoja tu, sehemu ambayo mwanangu atakanyaga kisigino chini bila mtu kuja juu.

Dalali wangu aliitwa Maeng, jamaa mmoja mwenye maneno mengi na gari linalonuka sigara. Alinizungusha mitaa mitatu, Jumamosi tatu.

Mtaa wa kwanza ulikuwa wa maghorofa mapya marefu, bustani nzuri, shule hapo hapo getini. Nikaingia kwenye lifti nikasoma matangazo ya wakazi, maana watu watakudanganya lakini lifti haidanganyi. Kulikuwa na karatasi imeandikwa, "Mzazi wa 1204, mtoto wako ana kwato?" Chini yake mwingine kajibu kwa kalamu, "Kelele zikikushinda kaishi porini."

Nikamwambia Maeng tushuke. Nyumba yenyewe sikuiona.

Mtaa wa pili ulikuwa karibu na chuo. Chini ya nyumba kuna duka la kuku wa kukaanga na bia, muziki mpaka madirisha yanatetemeka. Hapo ni kweli hakuna ambaye angemlalamikia mtoto, ila Danbi aliziba masikio tangu tunaingia mpaka tunatoka.

Mtaa wa tatu uko kilimani. Majengo mafupi ya matofali, ya zamani, magari yamebanana vichochoroni, kila ukingo wa ukuta umepangwa vyungu vya mchuzi wa soya. Nyumba namba 101, ghorofa ya chini kabisa.

"Chini kuna nini?" nikamuuliza Maeng.

"Stoo. Kwenye hati imeandikwa stoo."

"Una hakika?"

"Mama Danbi, mimi nikudanganye ili iweje?"

Nikasogea katikati ya sebule, nikaanza kuruka. Nikaruka kwa nguvu zote, kisigino chini, kama mara ishirini hivi.

"Mama! Unafanya nini?" Danbi akashangaa.

"Nachagua mtaa."

Hakuna aliyegonga. Hakuna aliyepiga kelele. Nikasaini mkataba siku hiyo hiyo, nikajiona mjanja kuliko wapangaji wote wa nchi hii.

Sasa turudi kwenye kile kikaratasi.

Nilikipeleka 201, juu yangu kabisa, kwa Mama Seungu. Huyu ni mama wa miaka sitini na kitu, nywele kazitia mawimbi, ulimi mtamu. Siku ya kwanza tu aliniletea kimchi ya figili, ile kachumbari yetu kali, na kuniambia, "Achana na heshima za kizamani, mimi niite dada."

Akasoma, akashusha pumzi.

"Kwani dalali hakukuambia? Kuna mtu chini."

"Si stoo?"

"Stoo gani, mdogo wangu! Kuna mwanaume anaitwa Pyo. Usiku anafanya usafi sokoni, mchana analala. Mwenye nyumba kamkodishia kimyakimya. Mlango wake uko nyuma, kwenye mita za gesi. Mimi huwa sipendi kusema watu, lakini yule si mtu wa kawaida. Miaka minne namsalimia, hajawahi kuitikia."

Nilikuwa nimehama mji mzima nikimkimbia mtu wa chini, kumbe nimekuja kukaa juu ya mwingine.

Hata hivyo nilijitahidi. Nilitengeneza keki upya, nikazunguka nyuma. Kweli kuna mlango wa chuma na viatu vya mvua nje. Vidirisha vyake viko usawa wa ardhi, vimezibwa na vyungu vya Mama Seungu. Taa ndani inawaka, mtu yumo.

Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, nikaita, "Habari za hapa! Ni mgeni wa 101!" Dakika tano nzima. Mtu yumo, ananisikia, hafungui.

Nikaondoka na sahani yangu kwa hasira. Zile keki nilizila mwenyewe zote.

Kesho yake ikaja karatasi nyingine. "Mchana ni wakati wangu wa kulala." Keshokutwa, "Mfundishe mtoto kutembea kama binadamu." Wiki ya pili, "Nikipanda huko juu tutaelewana vibaya."

Na wiki hiyo hiyo, Danbi alikimbia.

Niko jikoni, nikasikia du du du du. Visigino! Nikachungulia nikamwona anakimbia kutoka mlango wa jikoni mpaka dirishani, nywele zinaruka, mdomo wazi. Machozi yalinitoka. Mwaka mzima sikuwa nimeisikia sauti ile.

Halafu kutoka chini ya sakafu, ko, ko, ko.

Mtu anagonga na mti.

"Danbi, acha!"

"Mama, lakini yeye..."

"Nimesema acha!"

Nikachukua mchi wa kutwangia vitunguu saumu, nikapiga magoti, nikaitwanga ile sakafu. Pyaa! Pyaa! Pyaa! Nilitaka ajue kwamba mwanamke aliyeko huku juu si yule wa Ulsan. Chini kukawa kimya.

Lakini nikiwa kazini, mama anayenilelea Danbi alikuwa ananiambia kwamba kila akirudi kutoka chekechea mtoto anakimbia, na kule chini panagongwa. Kila siku. Nikaona huyu mtu amedhamiria kumrudisha mwanangu kwenye vidole.

Mama Seungu akaja na chai ya shayiri, akakaa.

"Mdogo wangu, ile stoo kisheria si nyumba. Haruhusiwi kulala mtu. Ukiandika malalamiko ofisi ya wilaya, wanamtoa mwezi huu huu."

"Nitaandika peke yangu?"

"Sisi wote tutasaini! Watu wamemchoka. Ila hawana mwandiko mzuri kama wako."

Nikaandika. Kurasa mbili, na kila kikaratasi nikakiambatanisha. Nikasaini mstari wa kwanza, nikampa azungushe nyumba nyingine, yeye mwenyewe akajitolea kuipeleka wilayani.

Baada ya wiki tatu, Jumanne saa tisa alasiri, wakaja maofisa wawili pamoja na mwenye nyumba. Niliomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo. Nikasimama kule nyuma mikono nimekunja, Danbi pembeni yangu. Nilitaka nimwone uso wake.

Mlango ukafunguliwa kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Akatoka mwanaume mdogo, mwembamba, sweta limetoka nyuzi. Ofisa mmoja akaanza kumsomea amri. Yule bwana anamwangalia tu mdomo. Ofisa akapaza sauti. Akapaza zaidi.

"Usijichoshe," mwenye nyumba akasema. "Hasikii. Mashine za kiwandani zilimaliza masikio yake yote mawili. Mwandikie."

Nikamsogelea mwenye nyumba.

"Hasikii kiasi gani?" nikauliza.

"Hasikii kabisa. Hata ukilipua baruti hapa hageuki."

Mtu asiyesikia analalamikiaje kelele?

Danbi alikuwa ameshanivuta sketi. "Mama, ndiye huyu. Nikikimbia, taa yake inacheza. Siku moja nilikimbia, nikatoka mbio kuchungulia kidirishani, katikati ya vyungu, nikaikuta bado inacheza, naye anaiangalia. Akiiona inacheza anajua nimerudi, anagonga. Mimi nakimbia tena, anagonga tena. Nilitaka kukuambia ukaniambia nyamaza."

Nikachungulia ndani. Chumba kimoja. Balbu inaning'inia kwenye waya, chini ya sebule yangu hasa. Ukutani kaegemeza mpini wa deki, nchani kaufunga kitambaa, kwa uangalifu, ili usigonge kwa nguvu.

Yule bwana alimwona Danbi. Akampungia mkono.

Ofisa akampa barua ya malalamiko aisome. Alisoma taratibu, kurasa zote mbili. Mwisho kulikuwa na mistari minane ya sahihi. Saba ilikuwa mitupu. Sahihi moja tu, jina langu kamili na namba ya nyumba yangu.

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Namkumbuka Mama Seungu amefungua mlango hata kabla sijagonga.

"Ni wewe uliyeandika vile vikaratasi."

"Vikaratasi gani? Mimi sijaandika kitu. Sijasaini hata kitu. Wewe ndiye umesaini."

"Kwa nini?"

Hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Alikuwa anapanga pilipili kwenye ungo, akaendelea kupanga.

"Mtu kulala chini ya ardhi anashusha hadhi ya jengo. Tunataka libomolewe lijengwe jipya, na akiwepo yeye ni maneno na mahakama. Miaka minne nambembeleza mwenye nyumba. Alihitajika mtu mwenye hasira, mdogo wangu. Ulivyoingia na keki zako nikakuangalia macho, nikasema huyu hapa."

"Na mwanangu? 'Kama binadamu', uliandika wewe?"

"Mwanao anakimbia mno. Kichwa kinaniuma."

"Mimi nakaa chini! Wewe uko juu!"

"Sauti inapanda pia. Kwani hukujua?"

Jamani, sikujua. Jumamosi tatu nilizunguka mji mzima nikipima sakafu, na kitu hicho sikukijua.

"Na kuhusu wewe na mwanao pia naweza kuandika wilayani," akamalizia, akafunga mlango polepole.

Nilishuka mbio. Bwana Pyo alikuwa anapakia vitu kwenye gari dogo la mizigo. Friji fupi, magodoro mawili membamba, sufuria. Nikaandika kwenye simu, "Nisamehe. Nilidanganywa. Nilidhani ni wewe." Nikamwonyesha.

Akasoma. Akanirudishia simu, akapanda garini, akaangalia mbele.

Mwenye nyumba alikataa kuniambia kahamia wapi. Wilayani waliniambia anwani ya mtu ni siri, tena hasa kwa mlalamikaji.

Kwa siku tano Danbi alikuwa akirudi anakimbia kutoka jikoni mpaka dirishani, halafu anasimama, anasubiri. Siku ya sita hakukimbia. Wiki iliyofuata alikuwa juu ya vidole.

Nilimfokea. Ndiyo, mimi, niliyemwambia shhh mwaka mzima, nilisimama sebuleni nikapiga kelele, "Kimbia! Kimbia basi, Danbi!" Akawa amejibana ukutani ananiangalia. Upasuaji wake ni tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Mimi bado niko pale pale, mkataba haujaisha. Nikikutana na Mama Seungu ngazini ananisalimia, "Mdogo wangu, umekula?" Namwitikia, naogopa.

Wengi mnaniandikia mkiuliza mkihamia mji mpya mwangalie nini. Angalieni maji, ukungu ukutani, lifti, shule, sawa. Lakini kabla hujasaini, gonga kila mlango mwenyewe, na habari za jirani usizipokee kwa jirani mwingine, hata akikuletea kimchi. Kukiwa na mlango haufunguliwi, usikasirike. Andika karatasi, ipitishe chini ya mlango, mwambie wewe ni nani, subiri akujibu.

Mimi kuandika nilijua. Niliandika kurasa mbili nzima, na pale mlangoni kwake palikuwa ni hatua thelathini tu kutoka kwangu.