Jina Alilopewa Mama

Mizinga ilipoanza kusikika upande wa Katogota, tulitoka Uvira kwa miguu. Nyanya, mama yake mama, nilimbeba mgongoni, kwani macho yake yalikuwa yamefifia na akili ilikuja na kuondoka. Mama alifuata na sufuria na blanketi. Tulipofika mto Ruzizi tukapata mtumbwi wa kutuvusha hadi Burundi, lakini nyanya aligoma kupanda.

"Minye siendi. Mutoto mwingine iko wapi?"

"Mama, ni sisi tu," mama akamwambia. "Minye na mujukuu wako. Panda."

"Weye nakuona. Naulizia dada yako. Nilimwambia angojee."

Maisha yake yote mama alijua yeye ni mtoto wa pekee. Watu walikuwa wanatusukuma kutoka nyuma. Nilimwinua nyanya kwa nguvu nikamtia mtumbwini, akilia.

Kambini, asubuhi moja nyanya aliamka na akili timamu. Mama akaketi mbele yake akamuuliza. Nyanya alisimulia huku akichambua maharagwe, bila chozi. Vita vya zamani viliwatoa Rurambo, kule milimani, mume wake ameshauawa. Msichana wake mkubwa alikuwa na surua, hawezi kusimama, naye nyanya alikuwa na kitoto kichanga kifuani. Mteremko ulikuwa mkali. Alimlaza msichana kwenye zizi lililoachwa, akamfunika kitenge, akamwambia asilie.

"Alikuwa anaitwa nani?" mama akauliza.

Nyanya alimtazama kwa mshangao. "Jina lako. Weye ulikuwa na siku tano tu, nilikuwa sijakupa jina."

Siku ile mama hakumpikia. Nilipika mimi. Nyanya alipofariki kulekule kambini, mama alimwosha peke yake, akanizuia mlangoni.

Tuliporudi Uvira, mtaani kwetu Nyamianda, mama alipanda Rurambo. Alikaa siku tatu. Zizi halikuwepo, na mzee mmoja wa kike alimwambia watoto walioachwa walikuwa wengi, yeye anamtafuta yupi?

Sasa majirani wakimwita kwa jina lake haitiki. Wanadhani masikio yanaisha. Juzi tulienda kumtafutia kitambulisho kipya, karani akamuuliza jina. Karani akarudia, kisha akanigeukia mimi.

Nikalitaja. Mama alikuwa anatazama ukuta.