Nyumba ya Kusubiria Uzazi

Nilikuwa mkunga wa zahanati moja upande wa Ushirombo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi zile sabuni ikitafutwa kwa tochi na dawa haitafutwi kabisa kwa kuwa kila mtu alishajua haipo. Nilikuwa nimechoka. Sisemi ili nihurumiwe, nasema ili ieleweke kwa nini nilipoambiwa kuna fedha za utafiti sikushangilia hata kidogo.

Habari hiyo aliileta daktari wa wilaya, aliyekuja na Landrova kutoka Kahama. Alisema makao makuu wanatoa fedha za majaribio kwa utafiti wa afya sehemu za mbali. Mtu anaandika tatizo lake, anasema anataka kujaribu nini, anaonyesha kwa hesabu kwamba tatizo lipo. Akacheka akasema, wewe kila nikija unanisumbua habari za mto, haya, uandike huo mto wako.

Mto wenyewe kiangazi ulikuwa mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua zikishika, vitongoji vya ng'ambo vinakatika, na mama akishikwa na uchungu huko, basi tena. Maji yakipungua ndipo napata habari, na habari zenyewe mara nyingi zilikuwa za kaburi. Nilichotaka ni nyumba ya tope karibu na zahanati, vitanda sita, mama wa ng'ambo waje wiki za mwisho wasubirie hapo. Tujaribu msimu mmoja tuone. Sikuomba ghorofa.

Nikaandika kwa mkono, nikaendesha baiskeli hadi misheni kumbembeleza mtawa mmoja anipigie taipu nakala tatu. Karatasi yake ya kaboni ilikuwa imechakaa, nakala ya tatu ukiisoma unabahatisha.

Kilichobaki ni hesabu. Walitaka wajawazito waandikwe nyumba kwa nyumba, mwenyekiti wa kijiji awepo, naye aweke saini na muhuri. Rejista yangu ya kliniki hawakuitaka, eti inaonyesha wanaokuja kliniki tu. Jamani! Kwetu mimba haitangazwi. Mama mkwe anaijua kwa kuangalia, mume anaambiwa kwa kuzungukazunguka, na anayeitaja mbele za watu anaonekana anaiita husuda ije iichukue. Tena mara ya mwisho viongozi kupita wakiandika watu mlango kwa mlango, ilikuwa wakati wa kuhamishiwa vijijini, na wengine waliangalia nyumba zao zikibomolewa. Nilimwambia daktari haya yote. Alikubali kwa kichwa, kisha akasema sharti ni sharti.

Tukavuka mto mimi na mwenyekiti, jua kali, yeye mbele na daftari kwapani. Nyumba ya kwanza tulimkuta binti mmoja aliyeolewa mwaka uliopita. Juma moja kabla nilikuwa nimempima kwa mikono yangu hii, mimba ya miezi sita, mtoto anarusha mateke. Siku hiyo kajifunga kanga mbili na kitenge juu, mama mkwe wake kakaa pembeni anachambua mchicha. Mwenyekiti akauliza kuna mjamzito hapa. Binti akaangalia chini, akajibu hakuna. Mama mkwe akasema hakuna. Na mimi ningefanya nini, nimuumbue? Mwenyekiti akaandika hakuna.

Nyumba ya pili ni jirani yake, mama mtu mzima, mcheshi, anayejulikana kwa mzaha hadi gulioni. Alitukaribisha vizuri, akatuletea vigoda, na muda wote tuliokaa hakuutoa ungo wa karanga mapajani, umeziba tumbo lote. Nilimwangalia, naye akanikonyeza. Hakuna mjamzito.

Tulizunguka hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Kijiji kizima tulimpata mmoja, mke wa mwalimu, mgeni kutoka Moshi, aliyejibu swali kama anayeulizwa bei ya vitunguu. Nilimsihi mwenyekiti tuongeze wale ninaowajua mimi. Alikataa, na kwa upande wake alikuwa na haki, kwa sababu aliniuliza: kesho wakija kukagua, nitawaambia hawa nilikuwa nimewaficha wapi? Akapiga muhuri.

Jioni ya siku ya pili yule binti alikuja zahanati kama anayetaka dawa ya kichwa. Alisubiri watu waondoke, akaniamkia, akasimama anavuta ncha ya kanga.

"Nesi, hiyo nyumba itakuwa tayari kabla ya mvua?"

Nilimwambia naomba Mungu. Dada yake alifia ng'ambo masika yaliyopita, nilikuwa najua, na yeye alijua kwamba najua. Alinishukuru akaenda, hata dawa ya kichwa hakuichukua.

Majibu yalikuja pamoja na mvua. Barua fupi, ya heshima sana. Ombi limeandikwa vizuri, ila kwa idadi ya wajawazito iliyothibitishwa, eneo halionekani kuwa na tatizo. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Sikulia. Nilikuwa na hasira, lakini hasira nayo inataka nguvu, na mimi tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa uji tu.

Basi nikamchukua yule binti kwangu. Chumba changu kilikuwa kimoja, kitanda kimoja. Nikampa kitanda, mimi nikatandika mkeka jikoni. Kwa majirani tulisema amekuja kunisaidia kupika, na mama mkwe wake ndiye aliyeutunga uongo huo na kuutangaza kwa sauti kuliko sisi. Alijifungua salama mtoto wa kiume, mto ukiwa umejaa mpaka kwenye mashina ya mikuyu. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Nilimwosha yule mtoto taratibu kuliko ilivyohitajika.

Maji yalipopungua, mume wa yule mama mcheshi wa karanga alivuka akaja zahanati peke yake. Alivua kofia. Nikajua kabla hajasema. Uchungu ulimshika mkewe siku mbili, mtoto kakaa vibaya, na wote wawili walikwisha kuzikwa nyuma ya nyumba.

Nilimkalisha kwenye benchi, nikampa maji. Nikamuuliza, kwa ukali ambao hakustahili, kwa nini hakumleta mapema wakati njia inapitika, hali mkewe alikuwa anajua kabisa kwamba jirani yake yuko kwangu.

Alikizungusha kikombe mkononi.

"Nilimwambia twende," akasema. "Akasema nesi ana kitanda kimoja, na kina mtu."