Maziwa ya Mpimaji wa Tangi

Katika biro, yaani ofisi, ya michoro mimi peke yangu sikuwa na diploma, na nadhani ndiyo sababu nilifuta kuliko wote. Wino juu ya karatasi ya kalki, ile nyembamba inayopitisha mwanga, haufutiki kwa raba. Unaukwaruza kwa wembe, polepole. Nilikwaruza hata mistari iliyokuwa sawa, mpaka karatasi ikatoboka, kisha nikaanza upya wakati wenzangu wanavaa makoti kurudi nyumbani. Kazi nilijifunza mwenyewe kwa kunakili michoro iliyotupwa, na kila asubuhi niliogopa kwamba leo watanigundua.

Nilikuwa nimetoka mji mdogo wa Mokambo nikakodi chumba katika mtaa wa mjini uitwao Kenya, ndani ya kiwanja kimoja na mpimaji wa tangi wa depo ya mafuta. Mke wake alinitumia bukari, ugali wa kwetu, jioni, sahani imefunikwa kwa sahani. Alisema kijana anayekula peke yake mwishowe ataongea na sufuria. Mjini kote, hao tu ndio niliokuwa nao.

Kazi ya yule bwana ilikuwa kupanda ngazi ya tangi, kufungua mfuniko, kuinama na kutumbukiza ufito mrefu ili asome esanse, yaani petroli, imebaki kiasi gani. Mvuke ulimpiga usoni. Alirudi na kichwa kinamgonga, na pua yake haikusikia tena harufu yoyote. Siku moja maharage yaliungua kando yake huku anashona kiatu. Mke wake akaja mbio.

"Baba ya batoto! Uko unakaa pale kama jiwe, chakula inaungua!"

"Niliona moshi," akasema. "Nikawaza njo namna mupya ya kupika."

Tulicheka wote. Mimi niliacha kucheka kabla yao.

Kwa ajili ya mvuke ule, depo ilimpa chupa ya maziwa kila siku. Mjini kwetu wengi waliamini kwamba maziwa yanasafisha kifua, kiwe kimekula vumbi la shaba au mvuke wa mafuta. Alitakiwa kuyanywa mbele ya msimamizi. Alipiga funda moja, akaficha chupa ndani ya koti, na watoto wake wakamngojea langoni. Mdogo wao alikuwa na miguu myembamba sana. Yale maziwa ndiyo yaliyomsimamisha.

Kisha biro yetu ikapewa kuchora depo mpya, ambako jirani yangu angehamishiwa. Nilipewa kuchora tangi, pamoja na kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kueleza, kwa kila kituo cha kazi, ni nini kitakachomdhuru mfanyakazi, kabla injinia wetu hajatia sahihi. Kwa mawazo nilipanda ngazi niliyoichora, nikafungua mfuniko niliouchora, nikainama. Nilichokiona pale ni uso wa jirani yangu.

Nikachora namna nyingine. Boya linaelea ndani ya tangi, waya unapita juu ya kapi na kushuka nje hadi kwenye ubao wenye namba. Mpimaji anasimama chini, anasoma, anaondoka.

Injinia aliutazama mchoro huku akirekebisha kola ya abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai.

"Na ngazi haitoshi? Batu banapewa maziba."

"Maziwa yanaingia tumboni, citoyen. Mvuke unaingia kifuani," nikasema, nikimwita mwananchi kama sote tulivyotakiwa kuitana.

"Ah bon! Sasa weye njo docteur?" Akacheka, wenzangu nao wakacheka. Kisha akachukua kalamu. "Muzuri. Acha boya yako. Lakini hatari ikiisha, maziba nayo inaisha. Andika ile."

Mkono wangu ulikaa juu ya karatasi. Ningeweza kumwambia kwamba maziwa yale hayakuwa yakinywewa na mtu mzima, na hapo ningemwuza jirani yangu. Ningeweza pia kurudisha ngazi. Wembe ulikuwepo mezani. Niliandika, kwa herufi nzuri mno: hakuna maziwa.

Jioni ile nilimwambia jirani yangu mimi mwenyewe, kwa sababu sikuweza kungoja aambiwe na msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mudogo, juu ya nini haukuniuliza?"

"Yaya, mvuke ule ungekuua," nikasema, nikimwita kaka kama siku zote.

"Mimi, ndiyo. Na batoto?"

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani yangu mkononi, tayari imefunikwa. Akageuka, akaingia nayo ndani.

Depo mpya ilipofunguliwa, chupa ilikoma. Watoto waliendelea kungojea langoni kwa muda, kwa mazoea. Nilinunua maziwa, nikayaweka kizingitini kwao. Nikayakuta kizingitini kwangu, hayajaguswa. Nikaanza kupika mwenyewe, nikiwa na karatasi za kazi magotini, na kweli niliongea na sufuria.

Jioni moja nilikuwa nimezama katika mstari uliokataa kunyooka. Sauti ya yule bwana ikatoka upande wa pili wa kiwanja, nyuma ya mlango uliofungwa.

"Ule mwenye eko anapika! Maharagi inaungua!"

Nikaruka kwenye mbabula, jiko langu la makaa. Maharage yalikuwa yameshika chini, hata moshi ulikuwa haujatoka. Pua yake ilikuwa imesikia harufu tena, kutoka kule, mlango ukiwa umefungwa.

Hakuniita mudogo. Nilisimama na sufuria mkononi nikiutazama mlango wake, huenda atatoka. Hakutoka. Nikaketi, nikayala yote, pamoja na yale yaliyoungua.