Beti wa Mayai na Pete ya Mlima

Kwetu majina ni machache na watu ni wengi. Akina Jones peke yao wanajaza kanisa. Ndiyo maana mtu huitwa kwa kazi yake. Mimi ni Gruff wa Kuta, kwa sababu nimejenga kuta za mawe tangu ujana. Emrys ni Emrys wa Basi, anaendesha basi la kwenda mjini Dolgellau. Na Beti Jones wa shamba la Hafod ni Beti wa Mayai. Habari hii ni yake.

Beti huuza mayai kwenye kibanda kando ya barabara. Hakai hapo. Anaweka mayai, anaweka kopo la pesa, anakwenda zake. Hajaibiwa hata siku moja. Watu wanaogopa ulimi wake kuliko polisi.

Jumapili moja mchungaji alihubiri mpaka nyama zikaungua kwenye majiko ya kijiji kizima. Mlangoni Beti akampa mkono.

"Asante, Mchungaji," akasema. "Umetupeleka mpaka mbinguni. Ila kurudi ndiyo umeturudisha kwa miguu."

Huyo ndiye Beti.

Juu ya Hafod kuna mgodi wa Bryneithin. Babu yake Beti alichimba dhahabu humo. Wanawake wa nyumba yao wote waliolewa kwa pete za dhahabu ya mlima ule, nyembamba, zenye wekundu kidogo. Na kila mmoja alizikwa na yake. Ndiyo desturi ya Hafod. Mgodi ukafungwa Beti yuko shule bado. Dhahabu haikuisha, bei ndiyo iliyoanguka. Beti akakua, hana pete ya kurithi, hana mgodi wa kumpa nyingine. Akasema, pete ya mlima huu, au kidole kitupu.

Tulidhani ni maneno ya kitoto. Akaja mwanamume wa mji wa Bala na pete ya dukani, yenye jiwe. Akarudi nayo Bala.

Emrys alikuja polepole. Alinunua mayai kwa Beti kila wiki, miaka na miaka, na Emrys hali mayai. Akila yai anavimba midomo. Alikuwa anatuletea sisi. Mke wangu Lowri ndiye aliyegundua.

"Gruff," akaniambia, "haya tunayokula si mayai. Ni mapenzi ya watu."

"Yanahitaji chumvi," nikasema.

Emrys alimposa Beti ndani ya basi, siku ya soko, abiria wanasikia. Hakugeuka nyuma. Alimtazama kwenye kioo.

"Beti. Mimi na wewe tuoane."

"Una pete?"

"Nitanunua."

"Ya wapi?"

Emrys akabadili gia.

"Mgodi ukifunguliwa, niulize tena," Beti akasema. "Na angalia mbele, kuna kondoo."

Basi zima likapiga makofi, hata hivyo. Hakukataliwa.

Mwaka uleule watu wachache walikusanyika chumba cha nyuma cha kanisa, wakaanzisha kampuni ya kuufungua mgodi. Kampuni ndogo, ya watu wa bondeni. Mwenye kidogo alitoa kidogo. Mwanamume mwingine angenunua maua. Emrys alinunua hisa. Beti naye akanunua, alisema hawezi kumwacha mtu awe mjinga peke yake. Mimi nilijua kuwa Lowri amenunua pale jiko jipya liliposhindwa kufika.

"Jiko liko wapi?" nikamwuliza.

"Liko mlimani," akasema. "Subira."

Subira tuliijua. Mgodi siku hizi haufunguliwi kwa nyundo, unafunguliwa kwa kibali. Watu wa mazingira walikuja na viatu vyao virefu, na taa, na chupa. Tukaanza kuiita miaka kwa kile kilichotuchelewesha. Ulikuwa mwaka wa popo. Ukaja mwaka wa kome wa mtoni. Ukaja mwaka wa maji.

Popo waliwakuta ndani ya mgodi, wananing'inia kwa miguu kama tunda la plamu lililosahauliwa mtini. Wanalindwa na sheria, kama kome. Beti alipoambiwa kwamba wanalala humo majira yote ya baridi, akasema, "Wao wameshahamia. Hawakuombwa kibali."

Emrys ndiye aliyekula mzaha zaidi. Kila anayepanda basi alikuwa na lake.

"Emrys, ulimposa mwanamke au mlima?"

"Mlima ungekuwa rahisi," akajibu. "Hauna ulimi."

"Nimesikia!" Beti akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti, mama."

Lakini hakuna aliyewachukia watu wa mazingira. Kijito cha Nant Hesg kinatoka mlangoni pa mgodi ule na kupita katika mashamba yetu yote. Kondoo wetu wanakunywa humo. Beti mwenyewe alisimama mkutanoni akasema, maji yakiharibika, yeye pete haitaki. Emrys alikuwa amekaa kando yangu. Nilimwona akikunja kofia yake. Nilijua anachofikiri. Miaka ilikuwa inakwenda, na yeye hakuwa kijana.

Lowri alinunua kofia kwa ajili ya harusi yao, mwaka wa popo. Ya zambarau. Alifariki mwaka wa kome. Kofia ipo.

Sitaandika mengi juu ya siku zile. Nitaandika hili tu. Kila asubuhi nilikuta mayai mawili juu ya jiwe la dirisha, yana joto bado. Beti hakubisha hodi, wala hakuniambia maneno ya kufariji. Ulimi wote ule, na akaufunga. Aliweka mayai, akaenda zake.

Sasa mwaka wa maji.

Afisa wa mazingira aliyeshika kazi yetu alikuwa binti wa Kiingereza, Philippa. Binti mwema. Alikuwa amejifunza lugha yetu darasani, jioni jioni, na akataka kuitumia. Tulimpenda kwa hilo. Aliitisha mkutano chumba cha nyuma cha kanisa, akawauliza wazee, maji ya Nant Hesg yalikuwaje zamani, na yako vipi sasa.

"Mama Beti," akasema, "maji pale mlangoni pa mgodi yana rangi gani?"

Beti hakufikiri. "Glas," akasema.

"Glas?"

"Glas kabisa. Mazuri. Siku zote ni glas."

Sote tukaitikia kwa vichwa. Emrys akaongeza, "Glas mpaka unatamani kuyanywa."

Philippa akaandika. Nikamwona uso unambadilika. Alitushukuru, akanywa chai, hakula keki yake. Haikupita muda tukasikia kibali kimesimamishwa. Maji yatapimwa upya, majira baada ya majira. Wenyeji wote, taarifa ilisema, wameshuhudia kwamba maji yanayotoka mgodini ni ya buluu. Na maji ya buluu yakitoka mgodini, hiyo ni shaba. Ni sumu.

Nani amesema buluu? Tukaangaliana.

Ni kweli darasani wanafundishwa hivyo, glas ni buluu. Mbingu ni glas, hilo halina ubishi. Lakini mlima ukiota majani mabichi baada ya theluji, nao ni glas. Na farasi wa kijivu wa marehemu baba yangu alikuwa glas. Neno ni moja, rangi ni nyingi. Anayezaliwa nalo hajiulizi. Beti alisema glas akimaanisha kijani kibichi cha majani laini yanayoota juu ya mawe chini ya maji, kinavyoonekana kwa sababu maji ni safi.

Beti aliketi jikoni kwangu, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Gruff," akasema, "nimejifungia mlango mwenyewe. Kwa neno moja."

"Ulimi wako umeshafanya makubwa zaidi."

"Usinichekeshe. Emrys amezeeka akinisubiri. Leo nimemwona anashuka kwenye basi, ameshika mlango kwa mikono miwili."

Hapo akainuka. Alivaa viatu vya mvua, akapiga simu, na Philippa akaja siku ileile, masikini, bila hata kuuliza kwa nini.

Tulipanda wanne, Emrys akiwemo, mpaka mlangoni pa mgodi. Mvua ilikuwa imekatika. Beti akamshika Philippa mkono, akamsimamisha ukingoni mwa kijito.

"Haya, binti. Tazama. Usiniambie ya darasani. Rangi gani hiyo?"

Philippa akatazama. Akainama. Upande mmoja mbingu ilikuwa imelala juu ya maji. Upande mwingine majani ya chini yalionekana moja moja, mabichi. Katikati mawe, ya kijivu. Akachota maji kwenye chupa yake, akaiinua juani. Chupa haikuwa na rangi yoyote.

"Eti?" Beti akasema.

Philippa akarudi kutazama kijito, muda mrefu. Kisha akaanza kucheka.

"Ni glas," akasema.

"Basi!" Emrys akapiga kelele. "Sasa huyu ni wa kwetu! Mpeni kondoo!"

Beti akamkumbatia binti mpaka kofia ya binti ikaanguka majini. Emrys akaifuata kwa kuteleza kwenye mawe, mzee yule, akaikamata. Philippa alisema hawezi kuacha kupima, kazi ni kazi. Akapima. Beti akamwambia apime sana. Maji yalikuwa safi.

Kibali kilitoka majani yanaanza kuanguka. Nilikuwa nikiziba pengo la ukuta kando ya barabara nikasikia honi, ndefu, haikatiki. Emrys akasimamisha basi katikati ya njia. Abiria walikuwa watatu, wote wamesimama.

"Kimetoka!" akasema. "Gruff! Kimetoka! Panda!"

Nikapanda na nyundo yangu. Basi likaacha njia yake, likapanda kilima hadi Hafod, ambako basi halijawahi kufika. Kuku wakatawanyika. Beti akatoka na ndoo.

"Mwendawazimu wee! Kuku wangu hawatataga wiki nzima!"

"Beti," Emrys akasema. Ameshikilia mlango wa basi. "Uliniambia nikuulize tena."

Beti akaweka ndoo chini. Akafuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena.

"Wanaanza kuchimba lini?" akauliza, taratibu.

Emrys akatazama viatu vyake. "Aprili."

"Aprili? Hii ni Oktoba!"

"Popo wanaingia kulala, mama. Sharti la kibali. Wasisumbuliwe mpaka waamke."

Mama mmoja ndani ya basi akaangua kicheko, akaziba mdomo. Beti naye midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka akakaa juu ya ndoo.

"Nimesubiri bei," akasema, "nimesubiri serikali, nimesubiri kome. Sasa nawasubiri popo waamke, ndiyo niolewe!"

"Nitasubiri nawe," Emrys akasema. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Niliteremka kwenye basi. Nyumbani kwangu ni chini tu ya kilima. Nilikwenda, nikarudi. Hawakujua nimekwenda wapi, walikuwa wanakimbiza kuku.

Pete ya Lowri ni ya Bryneithin. Baba yake alifanya kazi kule miaka ya mwisho. Yeye hakuwa wa Hafod, kwao hawaziki pete. Ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya jiko la zamani.

Nikampa Beti.

"Si zawadi," nikamwambia. "Nakuazima. Popo wakiamka, unirudishie."

Akaitazama. Halafu akajaribu kuivaa. Lowri alikuwa mwembamba wa vidole. Haikupita.

"Jaribu kidogo," Emrys akasema. "Kidole kidogo."

Ikapita.

"Haya," Beti akasema. "Niulize upesi, kabla sijavimba."

Walioana kabla ya theluji. Kanisa lilijaa, na Philippa akaja na gauni la buluu. Beti akamwambia mlangoni, "Gauni zuri, binti. Glas." Mchungaji alihubiri kifupi, alikuwa ameonywa. Kofia ya zambarau niliiweka kwenye kiti kando yangu, na hakuna aliyeomba kukaa pale. Tulikula kondoo, tukaimba mpaka vioo vya chumba vikafanya ukungu.

Aprili popo waliamka. Kampuni ikaanza kuchimba. Dhahabu ya kwanza ilikuwa kidogo mno, lakini pete haihitaji nyingi. Fundi wa Dolgellau akaifua nyembamba, yenye wekundu kidogo, kwa kipimo cha kidole cha Beti mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nilisikia hatua nje ya dirisha. Zikasimama. Nilipofungua, Beti alikuwa ameshaufikia mlango wa uani, anakwenda zake. Juu ya jiwe palikuwa na mayai mawili, na kati yake pete ya Lowri.

Niliichukua. Mayai yalikuwa na joto. Na pete pia, joto la kutoka mkononi mwa mtu.