Nilimuua Dada Yangu Kwenye Fomu ya Utafiti

Wapendwa, mimi ni mwongo, na naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu, maana leo dada yangu kapewa majibu yake. Acheni niseme yote kabla aibu haijanirudia!

Shule niliishia darasa la tano, lakini kila chenye mlango nataka nichungulie. Nilikuwa nabeba magunia ya dagaa mwaloni Ilemela, hapa Mwanza, mitumbwi inaposhusha samaki, niliposikia kuna watafiti wa saratani ya utumbo mpana. Anayeona damu chooni anapitishiwa kamera kwa njia ya haja kubwa, na akitaka anajiangalia kwenye skrini. Damu nilikuwa naiona mara mojamoja. Nikaenda mbio!

Jamani, mle ndani ni pazuri! Pekundu, panang'aa, panapinda. Mara vikatokea vinyama viwili kama uyoga. Wakavikata hapohapo.

Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akanieleza kwamba vinyama vile huweza kugeuka saratani, tena wakati mwingine ni vya ukoo. Akachora familia yangu: mraba mwanamume, duara mwanamke. Wazazi walishafariki, akawapitishia mstari.

"Una ndugu wa tumbo moja?"

Ninaye dada mmoja, yuko Magu. Lakini miaka minne iliyopita nilimtoroka katikati ya mavuno ya mpunga, nikaenda kushangaa visiwa. Mvua ikamkuta shambani peke yake. Kwa aibu sikumpigia simu tena. Nikajua kabisa daktari ataniomba namba yake.

"Nilikuwa naye," nikasema. "Alifariki."

"Pole sana." Akalipitishia duara mstari. Na mimi nikaipokea ile pole!

Miezi miwili mstari ule ulinifuata. Nabeba dagaa, nauona. Nakula, nauona. Siku moja nikatua gunia njiani, nikapiga.

"Shikamoo, dada. Unapata choo vizuri?"

"Miaka minne, halafu unaniuliza choo? Umelewa wewe?"

"Dada, na damu je?"

Akashusha sauti, "Nani kakwambia?"

Alikuwa anaiona tangu wakati wa palizi. Akadhani ni bawasiri, akawa anakunywa majani ya kuchemsha. Nikamwambia apande basi aje kwa watafiti, tena haraka!

Kesho yake alikuwa Mwanza. Daktari akatazama fomu, akamtazama dada. "Huyu ndiye marehemu?"

"Marehemu nani?" Dada akanigeukia. "Wewe! Umenizika bila kuchinja hata ng'ombe mmoja?"

Nilicheka. Daktari hakucheka. "Uongo wako tungeusoma kama ukweli," aliniambia. "Na huyu angebaki shambani anakunywa majani."

Walimkuta na kinyama kimoja, kikubwa kuliko vyangu vyote viwili. Wakakikata, wakakipeleka maabara. Siku za kusubiri zile simtakii mtu.

Leo wametuambia: kilikuwa bado hakijageuka saratani! Nimerukaruka barabarani mpaka muuza maembe kaniuliza kama nimepata kazi.

Dada amenisamehe, ila haniamini tena. Nikimwambia nimekula, anamuuliza jirani. Hiyo nimejitakia.

Wewe unayesoma, daktari akikuuliza ndugu zako, wataje wote, hata yule uliyemkosea. Afadhali mpigie leo umuulize habari za choo chake. Atakutukana. Mwache atukane, ilimradi yupo wa kujibu.